Nisindikize Nikapimwe

Vijana mnaofundishwa kutunza wazee hapa Kitui, ambao wengi wenu mnangoja viza, mliniomba niandike niliyojifunza kazini. Nimestaafu juzi tu, na asubuhi bado mwili unaamka kwa saa za zamu. Habari za mshahara sitawapa, kwa kuwa nyinyi mnazijua kuliko mimi, na cheo cha kusimuliwa sikukipanda. Nitaandika jinsi ya kumwinua mtu, jinsi ya kumwosha bila kumwaibisha, na jinsi ya kumpeleka mzee mahali asipotaka kwenda. Hilo la tatu ndilo nililolijua zaidi. Lilinishinda mara moja, nikazika mtu. Mkiona maneno yangu yana uchungu, mjue unatoka hapo.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Kitui, kusafisha wodi na kugeuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Chombo changu kilikuwa shuka. Shuka ikikunjwa vizuri chini ya mgongo, watu wawili humgeuza mgonjwa mzito bila kumvuta ngozi. Ikikunjwa vibaya, baada ya wiki mgonjwa ana kidonda, na kidonda cha mgongo kinaua kuliko ugonjwa uliomleta. Daktari mmoja mgeni aliniona nikikunja shuka. Aliporudi kwao Uingereza alinitafutia kazi katika makao ya wazee. Ndivyo nilivyovuka, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Siku ya kwanza huko nilipewa mzee wa kuosha. Kwetu mwanamume hamtazami rika la baba yake akiwa uchi. Basi nilimwosha nikiwa nimeelekeza uso ukutani, mkono ukitafuta njia wenyewe. Mkuu wa zamu alikuwa Pearl, mama mzaliwa wa Jamaika, mnene, mwenye miguu ya kuuma. Alisimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Mutinda," akasema, "ukuta umeshakuwa safi. Sasa mwoshe mzee."

Alinionyesha. Mfunike taulo mwili mzima, fungua sehemu moja, osha, kausha, funika, kisha nenda sehemu nyingine. Wakati wote ongea na mtu juu ya mambo yake: timu yake, mbwa wake aliyekufa, chochote. "Aibu ni yake," Pearl aliniambia, "wewe mbebee tu mpaka amalize kuoga, halafu mrudishie ikiwa imekunjwa." Katika mafunzo yote niliyopata baadaye, yenye vyeti na picha za ukutani, sikusikia lililozidi hilo.

Kuna mashine za kuinulia watu. Mtafundishwa nyingi na kila moja ina vifungo vyake. Angalieni mikanda miwili ya miguuni: pitisheni kila mmoja chini ya paja, kisha muipishanishe. Msipoipishanisha, mzee atateleza katikati kama gunia lililotoboka. Na msimwache mtu akining'inia mkaenda kujibu simu. Mtaona ni jambo la kipumbavu kuandika. Limeandikwa kwa sababu watu hulifanya.

Sasa nije kwenye lile la tatu.

Huko, mwanamume akifika miaka sitini na mitano huitwa kupimwa mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka tumboni ukiegemea uti wa mgongo. Kwa watu wengine, hasa wanaume waliovuta sigara, mshipa huo hupanuka polepole. Mmewahi kuona tyubu ya baiskeli iliyochoka mahali pamoja, ukiijaza pumzi inatoa kinundu? Ni hivyo. Mara nyingi hauumi, na mtu hulima, hula na hucheka nao. Siku ukipasuka, wengi hawafiki hospitali. Lakini ukionekana mapema huangaliwa, na ukizidi kiasi hutengenezwa. Kipimo chenyewe ni kitu kidogo: unalala chali, unapakwa jeli baridi tumboni, mtu anapitisha kifaa juu yake na kutazama kioo. Hakuna sindano wala kulazwa.

Katika makao yetu alikuwepo Harold, mzee wa reli aliyepooza upande mmoja kabla ya kuzeeka. Alipoitwa alikataa kabisa.

"Tumbo langu lipigwe picha ya nini? Mimi ni bibi harusi?"

Nilimweleza faida. Nilimweleza tena siku ya pili, naye akaongeza sauti ya televisheni. Pearl akanivuta jikoni. "Mzee haendi mahali kwa sababu ni pazuri kwake," akasema. "Ameambiwa mambo mazuri kwake tangu apooze, amechoka. Anaenda kwa sababu kuna mtu anamhitaji. Mwambie wewe ndiwe huwezi kwenda bila yeye."

Nikarudi kwa Harold. Nikamwambia natakiwa kwenda kwenye jengo lile la vipimo na silijui, naogopa kupotea.

"Wewe upotee? Si umetoka Afrika mpaka hapa?"

"Ndege ilikuwa na rubani."

Akacheka mpaka akakohoa, akaitisha kofia. Njia nzima alinielekeza kushoto na kulia kwa mkono wake mmoja. Tulipofika alikuwa tayari ndiye mwenye safari, akalala mezani mwenyewe. Mshipa wake ulikuwa umepanuka vibaya. Walimtengeneza, akarudi, akaendelea kuulalamikia uji wetu kwa miaka. Tangu hapo nilipewa wakaidi wote. "Nisindikize" likawa neno langu la kazi. Niliwasindikiza wazee wengi ambao walidhani wananisindikiza, nikawashikia makoti nje ya mlango.

Kisha nikafika umri huo mwenyewe, na mwaliko ukaja kwa jina langu. Nilikwenda peke yangu. Ilikuwa ajabu kuvua koti na kukosa wa kulishika. Msichana aliyenipima alikuwa mchangamfu, halafu akanyamaza, akarudia kupima. Mnaofanya kazi hii mnakijua kimya hicho. Akanieleza kwamba mshipa umepanuka, lakini haujafika kiasi cha kutengenezwa. Ningepimwa kila baada ya miezi kadhaa. Sigara sikuwahi kuvuta, kwa hiyo akaniuliza juu ya damu yetu.

"Una ndugu wa kiume?"

"Mmoja. Mkubwa wangu."

"Anavuta?"

"Tangu ujana."

"Mwambie apimwe. Usingoje."

Ndugu yangu Musyoka alikuwa mwashi, na nyumba nyingi za mawe pale kijijini kwetu Tulia zina mkono wake. Nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Nilimwambia kila kitu kama nilivyoambiwa, bila kuzungusha, ingawa yeye ni mkubwa na mdogo hasemi hivyo na mkubwa juu ya mwili wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu. Watu wa Wote wanaleta mbuzi Desemba."

Nilielewa papo hapo, na ndiyo maana nilikasirika. Mwende, kitinda mimba wake, alikuwa ameposwa na kijana wa mji wa Wote. Mbuzi wa ntheo wakishafika na mmoja wao akachinjwa na kuliwa, msichana ni mke wa mtu, watu wote wanajua. Kabla ya hapo kila upande huulizauliza kichinichini. Huko kwao kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna ugonjwa wa ukoo? Nami nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu kwamba ni jambo la damu.

"Nenda upimwe Kitui mjini," nikasema. "Unaingia na kutoka."

"Kijana wa hiyo mashine ni mpwa wa Mzee Ndolo." Mzee Ndolo ndiye baba wa yule kijana wa Wote.

"Nenda kwa mwingine."

"Na huyo mwingine anakunywa chai na nani?"

Ugomvi huo tuliuendeleza kwa simu miezi yote iliyofuata. Hakubisha ugonjwa. Sikuwahi kumsikia akisema ni uongo, wala uchawi, wala mambo ya Wazungu. Aliuamini kabisa. Alichosema ni kwamba mtoto wake hatakosa kuletewa mbuzi kwa sababu ya tumbo la baba yake. Ingekuwa ni ujinga ningekuwa na dawa yake. Upendo hauna dawa.

Nilikuja nyumbani Novemba kwa likizo yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Nikatumia neno langu. Nilimwambia wakati wangu wa kupimwa umefika, ambao ulikuwa umefika kweli, na kwamba naogopa kwenda peke yangu, jambo ambalo pia lilikuwa kweli.

"Nisindikize Machakos," nikasema. "Hatujulikani huko."

Akavaa koti la kanisani, tukaenda. Nilipoingia chumbani yeye alibaki kwenye benchi, kofia yangu mapajani. Mshipa wangu haukuwa umebadilika sana. Nilitoka nikifuta jeli, nikamwambia aingie kwa sababu mpimaji ameniahidi kumchukua palepale.

Akanipa kofia yangu. "Mimi nimekusindikiza. Kusindikiza nimemaliza."

"Musyoka, mlango uko wazi."

"Wewe, hizo mbinu wapelekee wazee wako wa huko. Mimi na wewe tulichunga mbuzi pamoja. Najua mbuzi anavyopelekwa kwa mchinjaji akifuata mwenzake." Halafu akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Ndugu yangu, sikatai. Hapa wataandika jina na kwetu ni wapi, na mwisho wa wiki liko Wote. Mbuzi waliwe kwanza. Wakishaliwa nitalala kwa hiyo meza mpaka unifukuze."

Nimewapeleka wazee wa nchi nyingine waliokuwa wakinitukana na kunitemea mate. Huyu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu nilirudi naye Tulia bila kupimwa, na njiani alininunulia maembe.

Mbuzi walikuja Desemba kama walivyoahidi. Viti vya kanisa vilikopwa, turubai likafungwa, na wanawake wakapika tangu alfajiri. Mzee Ndolo alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache mazuri. Jicho la kazi halistaafu. Niliona kiatu chake cha kushoto ni kikubwa kuliko cha kulia, na kwamba anakanyaga kwa kisigino kama mtu asiye na vidole vyote. Aliletewa soda akanywa. Akaletewa nyingine akashukuru, akanywa. Mke wake alikuwa akimtazama kila chupa ilipofunguliwa. Alipopewa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, jasho lilikuwa limemtoka usoni, na hakukuwa na joto chini ya lile turubai. Nilijua ninachokiona. Lakini Wakamba tuna nthoni, ile aibu ya heshima kati ya wakwe, ambayo hukufanya usimtazame mkwe wako sana hata akianguka. Nikageuzia macho yangu mahali pengine, kama siku ile ya ukuta.

Musyoka alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu ujana. Mbuzi alipokwisha kuliwa alinipita akanigonga bega.

"Haya, daktari. Jumatano Machakos. Mimi, wewe na mashine yako."

"Twende kesho," nikasema.

"Kesho narudisha viti. Kanisa lina mazishi."

"Viti vinaweza kurudishwa na mtu mwingine."

"Nilivikopa mimi."

Kesho yake alivirudisha. Nilikuwa nikikunja turubai nilipomwona akiinua viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akavishusha polepole, kama mtu aliyesahau kitu. Akashika mgongo. Akakaa juu ya kimojawapo. Nilipomfikia uso wake ulikuwa na rangi ya simenti. Niliweka mkono tumboni mwake, na sitawaandikia nilichokisikia chini ya kiganja.

"Ni ile?" akauliza.

"Ndiyo."

"Usiseme mbele ya watoto."

Jirani alileta gari lake. Nilimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, kwa ustadi wote niliofundishwa. Alikufa kabla hatujafika Kitui mjini. Maneno yake ya mwisho yalikuwa juu ya viti, akiuliza vilivyobaki ni vingapi.

Viti vya kanisa vilirudi nyumbani kwetu wiki hiyohiyo.

Kabla ya mazishi niliomba sababu ya kifo isomwe wazi, kwa ajili ya wanawe wawili wa kiume. Mama Mwende alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, hajala.

"Shemeji," akasema, "unataka nisimame mbele ya wakwe niseme mume wangu alikuwa na ugonjwa wa ukoo, mbuzi wao hata hajasagika tumboni? Yeye alificha mpaka akafa. Mimi nifichue?"

 Yalisomwa maneno yale yanayosomwa kila mahali, kwamba aliugua kwa muda mfupi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine walinong'ona ni vidonda vya tumbo, mwingine akasema nyama ya mbuzi huwa nzito kwa mtu wa umri ule.

Watu walipotawanyika, Mzee Ndolo alibaki. Alikuja nilipokuwa nikikusanya majembe, akakaa juu ya matofali yaliyobaki ya kaburi.

"Mutinda, wewe ni mtu wa hospitali. Mkwe wangu alikufa na nini?"

Nilimtazama, nthoni au si nthoni. Nikamwambia. Mshipa, kupanuka, damu ya ukoo, na kwamba mimi ninao.

"Alijua?"

"Tangu mwaka huu uanze."

"Sasa alikuwa anangoja nini?"

"Alikuwa anawangoja nyinyi. Mlete mbuzi kwanza."

 Mzee akainama, akafungua kamba za kile kiatu kikubwa, akakivua. Soksi ilikuwa imekunjiwa ndani mahali pa vidole.

"Nina sukari," akasema. "Vidole viwili vilikatwa. Kaka yangu alikufa nayo, na kijana wangu huyu mnayemwoza ameambiwa aanze kujichunga. Siku ile hapa kwenu nilikunywa soda mbili na chai, msije mkasema msichana wenu anaingia nyumba ya wagonjwa. Nilifika Wote nikalazwa."

"Niliona jasho."

"Uliona? Na ukanyamaza?"

"Wewe ni mkwe."

Akaanza kuvaa kiatu chake. Kamba zilimsumbua, nikapiga magoti nikamfunga, kwa kuwa mikono yangu imefanya hivyo maisha yote.

"Basi sote tulikuwa na adabu sana," akasema.

Sikugundua kwamba Mwende alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia la vikombe.  Alikusanya vikombe vyote, akaenda.

Wiki mbili baadaye aliniambia nijiandae, tunampeleka kaka yake mkubwa Kitui mjini kupimwa. Huyo anakaribia hamsini, ingawa kwangu bado ni kijana, na anavuta kama baba yake. Yule mwingine alisema ana shughuli, na mpaka leo ninapoandika bado ana shughuli. Nilidhani tutaenda Machakos. Mwende akasema hapana. Alitupeleka moja kwa moja kwa yule mpwa wa Mzee Ndolo. Majibu nitayatanguliza: mshipa wa kijana wetu ni mzima, arudi baada ya miaka kadhaa, na sigara aache. Hajaacha.

Lakini ninalotaka mlibebe kutoka kwenye karatasi hizi ni la pale mapokezi. Chumba kilikuwa kimejaa. Msichana wa mezani alimuuliza kijana wetu shida ni nini. Kijana akatazama sakafu, akasema, "Tumbo tu."

Mwende akamsogeza kando. Akasema kwa sauti ile ya kuita mtu ng'ambo ya mto, "Baba yetu aliuawa na mshipa mkubwa wa tumbo. Baba yetu mdogo huyu anao. Tumekuja kuangalia kama na huyu anao. Mimi ni Mwende, nimeolewa kwa Ndolo, Wote."

Nilisubiri. Nilikuwa nimeshika koti la kijana. Watu wawili waligeuka kututazama. Mama mmoja akasema pole. Kisha wakarudi kwenye simu zao, na msichana wa mezani akauliza jina linaandikwaje.

Hiyo ndiyo aibu yote aliyoifia ndugu yangu.